Kuunganisha Kicheza Muziki katika Gari la Zamani: Kazi ya Nani?

Magari mengi yapitayo katika barabara za Tanzania na Kenya yalianza maisha yao nchini Japani. Huko nako watu huendesha upande wa kushoto, na mwenye gari aghalabu huliuza lingali na nguvu. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa hulipokea bandarini likiwa na injini nzima, viti safi, na redio isiyomfaa. Redio hiyo si mbovu. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambayo mawimbi ya FM yalitengewa nafasi kati ya megahezi 76 na 90, ilhali Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, imevipanga vituo vyake kati ya 87.5 na 108. Dereva azungushaye kitasa kutoka mwanzo hadi mwisho hukuta kituo kimoja au viwili vilivyobahatika kuwa chini ya 90, kisha kimya. Japani yenyewe imekwisha kuusogeza mpaka wake hadi 95, lakini gari lililoundwa kabla ya hapo halina habari ya mabadiliko hayo.

Ndipo mwenye gari atakapo kusikiliza muziki wake mwenyewe, kutoka katika simu au kicheza muziki cha mkononi, naye huuliza dukani afanye nini. Huonyeshwa dawa tatu, nazo hazilingani.

Ya kwanza ni kisanduku kidogo kifungwacho kwenye waya ya antena, nyuma ya redio, ambacho huyapokea mawimbi ya vituo na kuyashusha. Kikishusha kwa megahezi 16, kituo cha 98 husikika kwenye 82. Kisanduku hiki hakimletei mtu muziki wake, ila humrudishia baadhi ya vituo, na wengi huridhika hapo. Ubunifu huo ni wa kusifiwa. Hata hivyo hesabu za shule ya msingi zatosha kuonyesha upungufu wake. Nafasi ya FM ya Afrika Mashariki ina upana wa megahezi 20.5, redio ya Kijapani ya zamani ina 14 tu. Ashushaye kwa 12 hupata kutoka 88 hadi 102 na kuvikosa vituo vyote vya juu. Ashushaye kwa 18 hupata kutoka 94 hadi 108 na kuvikosa vingi vya chini. Tena kituo chenye nguvu kilicho karibu, tuseme kwenye 88.5, hupenya bila kushushwa, kikagongana na kile cha 104.5 ambacho kisanduku cha 16 kimekishusha hadi mahali pale pale. Dereva husikia mahubiri na matokeo ya mpira kwa wakati mmoja.

Dawa ya pili ni kirushio kidogo kichomekwacho kwenye tundu la kiberiti cha gari. Kifaa hiki ni kituo cha redio chenye nguvu ndogo mno: huuchukua muziki wa simu, huurusha hewani, na redio ya gari huudaka umbali wa hatua moja. Katika gari lenye redio ya Kijapani kina nafasi finyu tu ya kurushia, kutoka 87.5 hadi 90, na mjini nafasi hiyo yaweza kuwa imekwisha kukaliwa na wenye mitambo ya kilowati nyingi. Dawa ya tatu ni kanda ya uongo: umbo ni la kaseti, ndani yake mna sumaku-umeme ndogo inayokitazama kichwa cha kusomea kanda na kukidanganya kwamba kanda inapita. Kwa gari lenye kinasa cha kaseti kilicho kizima, hii ya tatu huishinda ile ya pili kwa mbali, nayo haihitaji bisibisi. Ila kaseti za magari zimezeeka pamoja na magari yenyewe. Mikanda ya mpira imelegea, na mtambo hugeuza upande au kuitema kanda kila mara ukidhani imekwama.

Yote matatu yazunguka nyuma ya nyumba ilhali mlango wa mbele upo. Redio ya gari, iwe ya mwaka 1985 au 2005, ina kikuza sauti ndani yake, na kikuza sauti hakijali sauti imetoka wapi. Kinachotakiwa ni waya tatu: ya mkono wa kushoto, ya mkono wa kulia, na ya ardhi. Katika plagi ya kawaida ya milimita 3.5 zote tatu zimo: ncha ni kushoto, pete ni kulia, na shina ni ardhi. Redio nyingine zina tundu la kuingizia sauti mgongoni, ambalo mwenye gari hakupata kuambiwa habari zake, kwa sababu hakuna aliyeichomoa redio kutoka katika dashibodi tangu ilipotoka kiwandani. Kabla ya kununua chochote, mtu na aitazame redio yake mgongoni. Ushauri huu haumpi muuza duka faida yoyote, na yamkini ndiyo sababu hausikiki.

Redio isiyo na tundu yahitaji kufunguliwa. Hapa ndipo watu wengi, na wasomi kwanza, hurudi nyuma. Ni jambo la kusikitisha kwamba kijana aliyefaulu mtihani wa saketi za transista katika chuo kikuu, awezaye kukokotoa ukuzaji wa hatua tatu mfululizo bila kukosea, hukabidhi redio ya gari la baba yake kwa fundi wa kando ya barabara asiyejua kwamba kuna kitu kiitwacho ukinzani wa kuingilia. Fundi naye hufanya kazi kwa kukumbuka: rangi hii kwa rangi hii. Mmoja ana nadharia isiyo na mikono, na mwingine ana mikono isiyo na nadharia. Redio ile ile ingeweza kuwakutanisha.

Jambo lenyewe si gumu kulifahamu. Kichwa cha kusomea kanda hutoa umeme mdogo sana, sehemu ndogo ya milivolti au zaidi kidogo. Kwa hiyo redio ina hatua ya kwanza ya kuukuza na kuurekebisha kabla haujafika kwenye kidhibiti cha sauti. Simu hutoa mamia ya milivolti. Aiungaye simu kwenye waya za kichwa cha kanda huimimina ndoo katika kijiko, na sauti itokayo hukwaruza kama bati linaloburutwa. Mahali pafaapo ni baada ya hatua hiyo, pale ambapo sauti iliyokwisha kukuzwa huingia kwenye kidhibiti. Katika redio za zamani zaidi kidhibiti ni kitasa chenye miguu mitatu kwa kila upande: mmoja huingiza, mmoja hutoa, mmoja ni ardhi. Katika redio za baadaye ni kidude cheusi chenye miguu mingi na namba mgongoni. Namba hiyo ndiyo ufunguo, kwani karatasi ya maelezo ya kiwanda yataja kazi ya kila mguu, na karatasi hizo siku hizi hupatikana bure kwa mwenye intaneti. Kati ya plagi na mguu wa kuingilia huwekwa kapasita, ya maikrofaradi moja hadi kumi, kwa kila upande. Kapasita hupitisha sauti, ambayo ni mkondo geu, na kuuzuia umeme tulivu ulio ndani ya redio usiingie katika simu. Kisha huwekwa swichi ya kuchagua kanda au simu. Asiyetaka swichi huchezesha kanda tupu, na redio hudhani inasoma kanda hali inaimba wimbo wa simu.

Mtego mmoja hauna budi kutajwa kwa sauti kubwa. Katika redio nyingi za magari waya mbili za kila spika hazina ardhi hata moja. Zote mbili huelea kwenye karibu nusu ya volti za betri. Fundi aliyezoea redio za nyumbani hudhani waya ya kutoa ni ardhi na kuifunga kwenye bodi la gari, na kikuza sauti huungua kabla wimbo haujaisha.

Lakini kuungua kwa kikuza sauti ni hasara ya fedha tu. Jambo lililo zito kuliko yote katika mada hii ni moto. Yameenea maneno kwamba umeme wa volti 12 hauna madhara, na kwa ngozi ya binadamu maneno hayo yana ukweli: mtu ashikaye vichwa vya betri kwa mikono mikavu hasikii kitu. Kwa waya si hivyo. Betri iliyo nzima hutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache kila injini inapowashwa. Waya nyembamba yenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, ikigusa bodi la gari bila fyuzi, itaka ampea 120, yaani wati 1,440. Hata ukinzani wa betri yenyewe ukipunguza kiasi hicho, joto linalobaki ni la pasi ya umeme, nalo limo ndani ya waya iliyovikwa plastiki, nyuma ya dashibodi ya plastiki, juu ya zulia. Mtu atumiaye kipande cha karatasi ya sigara au msumari badala ya fyuzi amemwondoa mlinzi wa pekee aliyekuwako mlangoni. Waya yoyote mpya ichukuayo umeme wa betri, iwe ya kuchajia simu au ya kuwashia kikuza sauti, iwe na fyuzi yake karibu na mahali ilipoanzia, si mwisho wake. Na kabla ya kugusa waya yoyote, kichwa hasi cha betri kichomolewe. Hapa pana tahadhari ndogo: redio nyingine, zikikosa umeme, hujifunga na kudai namba ya siri, na zile zenye ramani za Kijapani hudai kadi ya kumbukumbu ambayo ilikwisha kupotea njiani. Mtu na aijue redio yake kabla ya kushika spana.

Kuna malalamiko mengine yasikikayo kwa kila aliyejaribu kazi hii: mlio mwembamba, kama mbu, unaopanda injini ikikazwa na kushuka ikilegezwa. Watu hununua redio mpya kwa sababu ya mlio huo. Chanzo chake ni kwamba simu inachajiwa kutoka gari lile lile inaloliimbia, hivyo ardhi ina njia mbili, moja ya chaja na moja ya waya ya sauti, na mawimbi ya alterneta huzunguka kati yake. Uthibitisho wake ni wa sekunde moja: chomoa chaja, mlio hufa. Tiba ni transfoma ndogo ya sauti kwa kila upande, yenye mizunguko sawa pande zote mbili, ambayo hupitisha muziki kwa sumaku bila waya kugusana na waya. Huo ni mfano wa fizikia ya kidato cha nne ambao mwanafunzi aweza kuusikia kwa masikio yake. Walimu wanaotafuta vifaa vya majaribio na kuambiwa hakuna fedha wangeweza kuanzia hapa, kwa redio za magari zilizotupwa.

Wako watakaosema kwamba mwenye gari akijifanyia kazi mwenyewe amemnyang'anya fundi riziki yake. Hoja hiyo haikosi uzito katika miji ambayo karakana za Gerezani au za Barabara ya Kirinyaga hulisha familia nyingi. Walakini riziki ya fundi hailindwi na ujinga wa mteja. Mteja ajuaye kuuliza fyuzi iko wapi humlazimisha fundi ajue kuweka fyuzi, na fundi wa namna hiyo hustahili kulipwa zaidi. Kinachowapunja mafundi ni kwamba maelezo ya kazi yao yameandikwa kwa Kijapani na Kiingereza, na waandishi wa Kiswahili wenye elimu ya umeme hawajaona kwamba mchoro wa redio ya gari ni kazi inayolingana na hadhi yao.

Hoja nyingine ni kwamba simu za sasa zinaondokewa na tundu la milimita 3.5, kampuni ya Apple iliiacha katika simu yake ya iPhone 7 mwaka 2016, na wengine wakafuata. Hilo halibadilishi kitu nyuma ya redio. Simu ya namna hiyo huhitaji kipande cha kuigeuza tarakimu kuwa sauti, ama mwishoni mwa waya fupi, ama ndani ya kipokezi kidogo cha Bluetooth, na kipokezi hicho huishia kwenye mguu ule ule wa kidhibiti. Tena kina faida ya kumwondolea dereva waya miguuni, ingawa hakimwondolei kishawishi cha kuchagua nyimbo akiwa katika mwendo wa kilomita themanini kwa saa. Nyimbo zipangwe gari likiwa limesimama.

Kazi ikisha, kabla ya kuirudisha redio mahali pake, ibaki hatua moja ambayo hata mafundi hodari huiruka. Magari haya huuzwa tena na tena, na kila mwenyewe hukuta nyuma ya dashibodi kichaka cha waya zisizo na historia. Aliyeunga waya aandike katika kipande cha karatasi: waya ya rangi gani imeungwa wapi, fyuzi ya ampea ngapi imewekwa na iko upande gani, na tarehe. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi, mahali ambapo mwenye gari ajaye atafungua kwanza redio itakaponyamaza.