Usisubiri kubebwa

Mwanamke anayebadilisha pedi kila saa, anayelala na kanga mbili kiunoni asichafue godoro, anayetoa mabonge ya damu na kuona kizunguzungu akiinama kuchochea moto, huyo ni mgonjwa. Msituambie kwamba ukoo wao ndivyo ulivyo. Msituambie karogwa. Ana ugonjwa unaopimika na unaotibika, na wanaomchelewesha tunawajua: yeye mwenyewe anayeficha, mume anayesema tuvune kwanza, mhudumu wa zahanati anayempa vidonge vya kuongeza damu kwa mara ya nne bila kuuliza damu inapotelea wapi, na jirani mwenye chupa ya dawa ya kuyeyusha uvimbe.

Hapa Kapalamsenga, mkoani Katavi, wanawake wanalima, wanapikia wachimbaji wa shaba, wanabeba maji na kuni. Halafu kila mwezi, kwa wiki nzima au zaidi, baadhi yao hawaonekani. Hawaendi mnadani, hawaendi kanisani wala msikitini, hawakai kwenye kiti cha mtu. Akilazimika kuja kwenye mkutano wa kijiji, mtazame anavyoinuka kwenye benchi: anageuka kwanza kuangalia alipokuwa amekaa, anaivuta kanga, na wenzake wawili wanasogea nyuma yake kumkinga. Wote wanajua. Hakuna anayesema neno, na mwezi ujao ni hivyo hivyo.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo uzembe unapoonekana. Mwanamke wa kawaida hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu katika siku zake, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Kwa miaka mingi madaktari walichukua mililita 80 kuwa mpaka. Ukivuka hapo, hedhi ni nyingi. Siku hizi hawamwambii mtu apime kwa kikombe. Wanamuuliza kama damu inamzuia kuishi maisha yake, kama inapita siku saba, kama anaamka usiku kubadilisha. Sasa, kila mililita mbili za damu hubeba karibu miligramu moja ya madini ya chuma. Anayepoteza mililita 160 amepoteza miligramu 80. Mwili hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka kwenye chakula, tena kwa mwenye mlo mzuri. Ugali na matembele, na chai ya rangi juu yake, haufikishi hata hapo. Kila mwezi anatoa kuliko anavyoingiza. Kumpa vidonge na kumrudisha nyumbani bila kugusa chanzo ni kuteka maji kwa tenga.

Wala si tatizo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 uliwakuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu. Malaria imo, minyoo imo, lishe imo. Hedhi nyingi nayo imo, ila hiyo haitajwi hadharani kwa sababu inaonekana aibu.

Kinachotakiwa kinajulikana. Pima wingi wa damu, yaani gramu za himoglobini kwa desilita. Pima mimba, kwa sababu mimba inayoharibika nayo hutoa damu. Chunguzwa mlango wa kizazi. Piga ultrasaundi. Uulizwe pia, mama, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango, maana kitanzi cha shaba huongeza hedhi na sindano huvuruga siku. Hayo yakishafanyika, kaa na daktari mwamue, na uamue ungali una nguvu za kutembea mwenyewe hadi kwenye kitanda cha upasuaji. Anayefika na damu 5 amebebwa mgongoni amechagua pia, amechagua hatari.

Upasuaji usio wa dharura hupangwa. Daktari hupenda damu ya mgonjwa ifike 10 au zaidi kabla ya kumpasua, na kuipandisha kutoka 6 kwa vidonge huchukua miezi miwili au mitatu, huku hedhi yenyewe ikipunguzwa kwa dawa. Dawa zipo. Traneksamiki, ile ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza upya mwaka 2017 kwa wanaotoka damu nyingi baada ya kujifungua, ipo pia ya vidonge na humezwa siku zile za damu tu. Kuna vidonge vya uzazi wa mpango. Kuna kitanzi chenye homoni, ambacho hupunguza hedhi kwa zaidi ya asilimia 70, ingawa hakipatikani kila kituo. Wapo ambao dawa hizi zinawatosha na kisu hawatakiona kamwe. Hao nao hawatajua hivyo wakiwa wamejifungia ndani.

Tuje kwenye kisu chenyewe, kwa sababu hapo ndipo maneno ni mengi.

Chanzo kikubwa cha hedhi nyingi kwa wanawake wetu ni uvimbe wa kizazi, ule unaoitwa fibroidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake weusi zaidi ya 80 kati ya 100 huwa wamepata fibroidi wanapofika miaka 50. Walio wengi hawasumbuliwi nao. Kwa hiyo kuambiwa una uvimbe peke yake si sababu ya kupasuliwa, na daktari anayekimbilia kisu kwa uvimbe usiosumbua aulizwe kwa nini. Lakini uvimbe ulioota ndani ya mji wa mimba, au mkubwa unaokandamiza, mara nyingi hutoa damu hadi utolewe au hadi hedhi ikome. Ni nyama ngumu ya msuli. Mizizi iliyochemshwa haiiyeyushi, hata iuzwe kwenye chupa ya aina gani, na ukisikia wa mama fulani ulinywea wenyewe, uliza kwanza umri wake.

Maswali mawili yanapunguza sehemu kubwa ya mkanganyiko. Bado unataka kuzaa? Na umebakiza miaka mingapi hadi ukomo wa hedhi, ambao kwa wengi huja karibu na miaka 50?

Dada wa miaka 29 mwenye mtoto mmoja hatolewi kizazi kwa sababu ya fibroidi kama kuna njia nyingine. Hutolewa uvimbe wenyewe na kizazi kikashonwa kikabaki. Aambiwe mapema kwamba uvimbe unaweza kuota tena, na kwamba mimba ijayo huenda ikahitaji kujifungua kwa upasuaji. Mama wa miaka 49 anaweza kuvumilia kwa dawa, akisubiri hedhi ikome na uvimbe usinyae, ilimradi mtu achukue kinyama kidogo cha ndani ya kizazi kipelekwe maabara kuhakikisha si saratani. Na aliyekwisha kukoma hedhi kisha damu ikarudi asisubiri hata wiki.

Kati ya hao wawili yupo mwanamke wa Katavi tunayemfahamu sana. Huo utafiti wa 2015/16 uliwakuta wasichana 45 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 mkoani kwetu wamekwisha kuanza kuzaa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 27. Maana yake ni kwamba hapa mwanamke wa miaka 39 anaweza kuwa na watoto saba na wajukuu wawili. Amemaliza kuzaa. Amejaribu dawa, hazikufaa. Mbele yake kuna miaka kumi ya kublidi. Kwake yeye kutolewa kizazi ni tiba halali inayomaliza jambo, na asifanyiwe kikao cha ukoo.

Anachoogopa tunakijua. Damu itaenda wapi? Haiendi popote. Hedhi ni utando wa ndani ya kizazi unaobomoka kila mwezi. Kizazi kisipokuwepo hakuna utando. Nitazeeka ghafla? Ovari zikiwa nzima huachwa mahali pake na homoni huendelea, ingawa ukomo unaweza kuwahi kidogo. Mume ataona nimekuwa baridi? Baada ya wiki sita hivi, daktari akiridhika kwamba kidonda kimepona, ndoa inaendelea, na wengi husema ni afadhali kuliko ile miaka ya damu. Hofu zenye msingi ni nyingine, na hizo ndizo aulize: damu kumtoka wakati wa upasuaji, kidonda kupata maambukizi, kibofu au mirija ya mkojo kujeruhiwa. Haya hutokea mara chache, lakini hutokea, na daktari asiyetaka kuyazungumza hajamaliza kazi yake. Vilevile aulize nani atamchoma nusu kaputi na damu ya akiba iko kiasi gani.

Mtu atasema amesikia Ulaya siku hizi wanachoma utando wa ndani tu na kizazi kinabaki. Ni kweli, na ni tiba nzuri kwa aliyemaliza kuzaa na asiye na uvimbe mkubwa. Lazima aendelee na uzazi wa mpango, kwa sababu mimba baada ya hapo ni ya hatari. Kwa mwanamke wa huku hiyo bado ni habari ya mbali. Na kule kukwanguliwa, kunakoitwa kusafisha kizazi, husaidia kupata kipimo. Hedhi ya miezi inayofuata hurudi vile vile. Asilipishwe mara tatu kwa kitu hicho.

Sasa upande wa serikali, ambao nao una visingizio vyake. Mpanda kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kuanzia mwaka 2024 Wizara ya Afya imekuwa ikituma timu za madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri, na bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi ni mmoja wao. Jambo jema. Lakini bingwa anayekaa siku chache hana faida kwa mama aliyesikia habari zake jana, ambaye damu yake haijawahi kupimwa. Ratiba ifike kwa mtendaji wa kijiji miezi miwili kabla. Zahanati ipime damu za wanawake wenye tatizo hili, iwaanzishie vidonge na kuandika majina, ili bingwa akishuka kwenye gari akute wagonjwa walio tayari kupasuliwa. Hakuna jengo jipya linalohitajika hapo, wala mfadhili. Linahitajika daftari na mtu wa kulifuatilia.

Kuhusu kuvuna kwanza, tutakubali nusu. Mavuno yakishatoka kuanzia Mei pesa ipo, njia imekauka, jembe limepumzika. Hakuna wakati bora wa kulala wiki kadhaa ukiuguza mshono. Basi Januari iwe ya kupima na kuanza dawa, Juni iwe ya upasuaji. Anayesema tuvune kwanza na hajapima chochote, akishavuna atasema tuuze kwanza, na akishauza mvua zitakuwa zimerudi. Aliye na damu chini ya 8 hahusiki na mpango huu wa misimu. Huyo aende kesho.

Limebaki la akina baba. Tunasikia mama karudishwa nyumbani akamlete mume asaini. Mtu mzima mwenye akili timamu husaini mwenyewe ridhaa ya mwili wake, na hospitali zinalijua hilo vizuri. Kazi ya mume ni nyingine na ni kubwa zaidi ya saini. Aende naye kwa daktari asikilize kwa masikio yake, asije akasimuliwa na mama yake mzazi. Achangie damu, maana akiba ya damu haitoki mbinguni. Atafute gari la kumrudisha mkewe, si bodaboda. Na kwa wiki sita, yeye na watoto wake wakubwa wateke maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Daktari akisema mgonjwa asiinue kitu kizito, anamaanisha hiyo.