Vijana Wachoraji na Majalada Yao: Mbona Kazi ya Kweli Hufichwa?

Nimerudi Mombasa juzi kutoka bara, nilikokaa siku kumi mjini Kitale kwa mpwa wangu ambaye huuza nguo huko. Sikwenda kutafuta habari; nalikwenda kumwona mtoto aliyezaliwa. Lakini mtu wa magazeti hata akiwa mgeni wa watu macho yake hayatulii, na niliyoyaona naona aula niyalete mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, maana ingawa yametukia bara, sisi wa pwani tuna fungu letu ndani yake.

Jirani wa mpwa wangu ana binti anayesomea usanifu wa michoro, yaani ile kazi ya kupanga maandishi, rangi na picha hata jambo likasomeka na kuvutia: nembo za biashara, mabango, mifuko ya bidhaa, majalada ya vitabu, kadi za arusi. Aliposikia kwamba mzee aliyefika ni mwandishi, alikuja baada ya magharibi na jalada la kazi zake, ile potifolio kama wenyewe waitavyo, akaniambia, "Mzee, tazama, halafu uniambie ukweli. Usinionee haya."

Nikatazama. Binti yule ana mkono, hilo halina shaka. Mistari yake imetulia na rangi zake hazigombani. Lakini kila nilivyozidi kufunua ndivyo nilivyozidi kujiuliza niko mji gani. Palikuwa na nembo ya mkahawa wenye jina la Kitaliano, chupa ya manukato ya Kifaransa, bango la viatu vya kukimbilia, na tangazo la shirika la ndege ambalo halijapata kuruka popote.

"Mkahawa huu uko wapi, mwanangu?" nikauliza.

"Hauko, mzee. Ni zoezi tu."

"Na manukato haya?"

"Hayo pia ni zoezi."

Kurasa arubaini, na katika zote hapana hata bidhaa moja ambayo mtu wa Kitale angeweza kuinunua.

Nami nilikuwa nimepita mchana kutwa katika mji ule nikiona kazi tele ya kumfaa. Kitale ndipo yalipo makao ya Kenya Seed Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo mbegu zake za mahindi hupandwa sehemu nyingi za Kenya na hata nchi jirani. Sasa fikiri, ndugu msomaji, juu ya mfuko wa mbegu. Mkulima hawezi kuijua mbegu kwa kuitazama. Punje halali hupakwa dawa yenye rangi, na mlaghai naye huchukua mahindi ya kula akayapaka rangi ile ile. Ukiyamwaga kiganjani hutayatenganisha. Anachokitegemea mkulima ni mfuko: nembo, maandishi, rangi, na kile kibandiko cha kukwangua chenye namba ya siri ambayo yeye huituma kwa simu kuuliza kama mbegu ni ya kweli. Maandishi yakiwa madogo mno kwa macho ya mzee, au kibandiko kikiwekwa mahali pasipoonekana, mkulima hataangalia, na akidanganywa hapotezi fedha za mfuko tu, hupoteza msimu mzima. Mwakani watoto hawaendi shule. Hiyo ndiyo kazi ya msanifu wa michoro, na sijui manukato gani ya Kifaransa yaliyo na uzito kama huo.

Nikamwuliza binti kama walipata kupewa darasani mfuko wa mbegu wauchambue. Akacheka kwa adabu. "Hiyo ni mambo ya wakulima, mzee," akasema.

Baba yake, aliyekuwa ameketi nasi akinywa chai, ni mkulima.

Simlaumu binti. Siku hizi vyuo vya ufundi nchini Kenya vinafuata mfumo wa umilisi, ambamo mwanafunzi hapimwi kwa karatasi ya mtihani peke yake, bali hutakiwa akusanye jalada la ushahidi wa kazi alizozitenda, na mtahini hulikagua. Asiyefikia kiwango haambiwi ameanguka. Huandikiwa kwamba bado hajamudu. Neno hilo nalipenda sana, lina huruma ya maalim anayekurudisha nyuma kwenye sura bila ya kukufukuza chuoni. Mfumo wenyewe kwa asili ni mwema. Lakini jalada likishakuwa sharti la cheti, vijana hulijaza kama mtu anavyojaza fomu ya serikali: la muhimu ni nafasi zisibaki tupu. Na mwenye ofisi Nairobi akiletewa majalada hamsini huona mikahawa hamsini ya Kitaliano, asijue amchukue nani. Kijana wa Kitale, aliye mbali na ofisi hizo, ndiye atakayeachwa kwanza.

Wako wasemao kwamba kosa ni kunakili. Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kuwaonya wasanii kwamba kunakili humsinzisha Mungu. Onyo hilo lina makali yake, ingawa sisi tuliolelewa chuoni twajua kwamba Mola hashikwi na usingizi, tena nadhani mzee huyo alikusudia usingizi wa msanii mwenyewe. Pamoja na heshima zangu kwake, mimi sikubali yote. Nalijifunza kuandika kwa kunakili. Maalim alituandikia ubao kwa wino wa masizi na kalamu ya utete, nasi tukazifuata herufi zake mpaka mkono ukazoea, ubao ukaoshwa, ukaandikwa tena. Waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, ambao misahafu yao ya karne za 18 na 19 ingali ikistaajabiwa kwa nakshi zake, walikuwa wanakili. Na kwa mafundi wa khati wa Istanbul mwanafunzi alifuata kazi za mwalimu wake miaka na miaka, wala hakuwa na ruhusa ya kutia jina lake chini ya kazi mpaka apewe ijaza. Kunakili kwao kulikuwa wazi mbele ya kila mtu, na jina likaja mwisho. Kwa vijana wetu jina hutangulia, na aliyenakiliwa hatajwi.

Na sasa zimekuja mashine za akili mnemba, ambazo ukiziomba bango hukupa mara moja, limekamilika na rangi zake. Kwa hiyo jalada la picha zilizokamilika peke yake halishuhudii kitu tena. Kinachoshuhudia ni rasimu: mchoro wa kwanza ulioharibika, wa pili alioukataa mteja, na sababu ya kuukataa. Wanafunzi hutupa hizo, wakaweka zile nzuri.

Siku ya saba nalikwenda Bungoma kumpa pole rafiki yangu wa zamani, tuliyefanya kazi pamoja gazetini, ambaye amefiwa na kaka yake. Njia ya Kitale hupita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, penye kile kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilichoanza kazi katika miaka ya 1970, kikafungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikapata mwenyewe mwingine. Nilipokitazama dirishani nikakumbuka kwamba karatasi ilikuwa ikitengenezwa mlangoni mwa vijana hawa.

Kwa rafiki yangu nilipewa kijitabu cha mazishi. Wasomaji wengi wa pwani hawakijui kitu hiki, maana sisi maiti wetu hatumlazi, humzika siku ile ile na karatasi haina nafasi. Lakini bara mazishi hungoja jamaa wafike, na kijitabu ni jambo kubwa: picha ya marehemu, maisha yake, ratiba, nyimbo, na orodha ya wake, watoto na wajukuu kwa mpangilio wake. Nawe ukikosea mpangilio huo umewasha ugomvi ambao utakaa kuliko msiba wenyewe.

Kijitabu kile kilikuwa na kurasa kumi na mbili, na kilinishangaza. Picha ya marehemu ilitolewa kwenye kitambulisho cha zamani kilichochubuka, ikasafishwa hata uso ukarudi, na wala hakufanywa kijana wala kupakwa weupe. Herufi zilikuwa kubwa, kwa ajili ya wazee. Kila mke alikuwa na ukurasa wake, kurasa zinalingana, hata picha zinalingana ukubwa. Nikauliza fundi ni nani. Ni kijana wa jirani, mwanafunzi wa usanifu wa michoro, aliyekifanya kwa usiku mmoja katika duka la chapa, akalipwa nauli na chakula.

Akaitwa, akaja na jalada lake. Ndugu msomaji, utaniamini? Mkahawa wa Kitaliano, viatu vya kukimbilia. Kijitabu hakimo.

"Mbona hukukitia?" nikamwuliza.

"Hiyo si kazi ya darasa, mzee. Mwalimu alisema tuweke kazi za kisasa. Nitamwonyesha nani mambo ya matanga?"

Hapa ndipo ninapotaka kusema na walimu. Kijana huyu alikuwa na mteja mwenye huzuni, muda wa usiku mmoja, picha mbovu, fedha kidogo, na familia tatu zilizokuwa zikichunguza nani ametangulizwa. Akayamudu yote. Kama huo si umilisi, basi neno hilo halina maana. Kazi ya mjini, iwe ni kijitabu cha mazishi, bango la mwuza maziwa au mfuko wa unga, ihesabiwe kuwa kazi ya darasa, na mwanafunzi aandike kwa Kiswahili chepesi mteja alitaka nini, yeye alifanya nini, na nini kilibadilishwa. Mtahini akisoma hayo atajua anampima nani.

Sisi wa pwani tusicheke. Watoto wetu wanaosoma fani hii wanajaza majalada yao vivyo hivyo, hali mama zao wamejifunga kanga viunoni. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kimoja kimepimwa mahali pake. Maneno yake yalianza kwa herufi za Kiarabu kisha yakaja za Kilatini, na kila mabadiliko hayo palikuwa na mtu aliyekaa akafikiri herufi zienee vipi katika ukanda ule mwembamba. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zina alama yake, "Mali ya Abdulla", nasi sote twaijua. Waliochora mauwa yenyewe ni wangapi tunaowajua kwa majina?

Hilo la jina ni deni letu wateja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyetunga, hata kama faida za kazi zimekwenda kwa aliyeiagiza. Basi mwenye duka la kadi za arusi akimwachia kijana aandike jina lake kwa herufi ndogo nyuma ya kadi, hakupungukiwa kitu. Kijana naye aombe ruhusa kabla ya kuonyesha mambo ya watu, hasa ya msiba. Na jambo jingine, nilisema huku kijana amenikodolea macho: programu nyingi wanazotumia zimeibwa, kwa kuwa Adobe hutoza kila mwezi fedha wasizokuwa nazo. Ziko Inkscape na GIMP, ambazo ni bure na halali. Hazina mvuto ule, lakini mtu hawezi kuanza riziki yake kwa kitu cha wizi halafu akadai haki ya jina lake.

Alinisikiliza, kisha akaenda kwa mjane mkubwa, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe na wanawake wenzake, akapiga goti na kumwomba ruhusa ya kukitia kijitabu katika jalada lake. Mama akaagiza miwani. Akakifunua pole pole, ukurasa kwa ukurasa, hata tukadhani amesahau alichoombwa.

"Weka," akasema mwishoni. "Lakini hapa jina la mjukuu wangu umelikosea. Na hapa umemwacha mmoja."

Kijana alitaka kukichapa upya chote, kosa lisionekane. Nikamwambia aweke zote mbili, kurasa zenye kosa na zilizosahihishwa, na achini yake aandike ni nani aliyemsahihisha. Hakupendezwa, niliona. Lakini alitoa kalamu, akaketi kwenye nyasi miguuni pa mama yule, na nilipokwenda kituoni kutafuta gari la Kitale niliwaacha hapo, yeye akiandika pembeni ya ukurasa, na mama akimhesabia wajukuu mmoja mmoja tangu mwanzo.