UCHAMBUZI: Programu za usalama za majaribio na swali la nani abebe gharama ya kosa

Toleo la majaribio la programu ya kompyuta hutolewa ili kasoro zionekane mapema, mikononi mwa watu wachache waliokubali usumbufu, kabla bidhaa haijawafikia wote. Utaratibu huo umezoeleka kwa programu za kila aina. Kwa programu za usalama, hata hivyo, una uzito wa pekee, kwa kuwa programu hizo hupewa mamlaka ambayo nyingine hazina: kukagua mafaili, kusimamisha programu nyingine na kufuta kile zinachokiona kuwa hatari. Zinapokosea, kompyuta nzima inaweza kushindwa kufanya kazi.

Mfano wa mapema unaoonesha hali hiyo ni wa Microsoft. Desemba 2004 kampuni hiyo ya Marekani ilinunua kampuni ndogo ya GIANT Company Software, na Januari 2005 ikatoa bure toleo la majaribio la programu ya kuondoa programu pelelezi, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Windows Defender. Watu wengi waliipakua kutokana na kero kubwa ya programu pelelezi wakati huo. Mnamo Februari 2006, sasisho la orodha ya alama zake za utambuzi liliitaja programu ya kupambana na virusi ya Symantec kuwa ni programu hasidi inayoiba nywila, na kumshauri mtumiaji aiondoe. Waliofuata ushauri huo walifuta taarifa muhimu za programu hiyo katika mfumo, na kinga yao ya virusi ikaacha kufanya kazi. Microsoft ilisahihisha orodha hiyo, lakini waliokwisha kubonyeza walilazimika kurekebisha kompyuta zao.

Malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwa kuwa mlinzi mpya alikuwa amemfukuza mlinzi wa zamani kwa idhini ya mwenye nyumba. Hata hivyo, waliokuwa na programu hiyo walijua kuwa ni ya majaribio. Waswahili husema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kwa kiasi fulani methali hiyo iliwahusu.

Matukio yaliyofuata hayakuwa hivyo. Aprili 21, 2010, sasisho la kawaida la McAfee, lililotumwa kwa wateja wa bidhaa iliyokamilika, lilichukulia faili halali la Windows XP kuwa ni kirusi. Kompyuta zilizoathirika zilijizima na kujiwasha mfululizo au kukatika katika mtandao. Katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, baadhi ya hospitali zilisitisha kwa muda kupokea wagonjwa wasio wa dharura.

Tukio kubwa zaidi lilitokea Ijumaa, Julai 19, 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho la taarifa za utambuzi kwa kompyuta za Windows zinazotumia programu yake ya ulinzi. Kompyuta zililipokea, zikaonesha skrini ya bluu na kushindwa kuwaka. Sasisho liliondolewa saa 2:27 asubuhi, dakika 78 baadaye, lakini kwa makadirio ya Microsoft vifaa takribani milioni 8.5 vilikuwa vimeathirika. Shirika la ndege la Delta pekee lilifuta safari zipatazo 7,000 kwa siku kadhaa. Kompyuta nyingi zilihitaji fundi azifikie moja baada ya nyingine, na zile ambazo diski zake zilikuwa zimefungwa kwa usimbaji zilihitaji kwanza ufunguo wa kuzifungulia.

Ripoti ya kampuni hiyo ya Agosti 2024 ilieleza chanzo. Sasisho lilitarajia vipengele 21 vya taarifa, ilhali programu iliyokuwa ndani ya kompyuta ilikuwa ikitoa 20. Majaribio ya awali hayakugundua tofauti hiyo, na chombo cha kuhakiki masasisho kilikuwa na kasoro yake chenyewe. Aidha, sasisho lilikwenda kwa wateja wote kwa pamoja badala ya kuanza na kundi dogo.

Hapo ndipo lilipo somo zito. Wateja wa kampuni hiyo walikuwa na hiari ya kubaki toleo moja au mawili nyuma ya toleo jipya la programu, na wapo waliochagua hivyo kwa tahadhari. Tahadhari hiyo haikuwasaidia, kwa kuwa taarifa za utambuzi zilipita njia nyingine isiyozingatia chaguo lao. Kwa maneno mengine, walifanywa wajaribu wa kitu ambacho hawakuambiwa kuwa kinajaribiwa.

Watengenezaji wana hoja ya kujibu. Wahalifu wa mtandao hawasubiri, na kila saa ya kuchelewesha kinga ni saa ya ziada kwa mshambuliaji. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haifuti wajibu wa kwenda kwa hatua. Kundi la kwanza lingetosha kuonesha kuwa kompyuta haziwaki. Baada ya tukio hilo, CrowdStrike yenyewe ilitangaza kutuma masasisho ya aina hiyo kwa awamu na kuwapa wateja uwezo zaidi wa kuamua lini yawafikie.

Kwa taasisi zinazohudumia umma, swali la kumuuliza mzabuni wa programu ya usalama linapaswa kuvuka bei na idadi ya virusi inavyotambua. Aulizwe pia masasisho yanapitia hatua zipi, kama taasisi inaweza kuyajaribu kwanza katika kompyuta chache, na huduma zitarejeshwaje kompyuta zikigoma kuwaka. Funguo za diski zihifadhiwe mahali panapofikika hata mifumo ikiwa imezimika.

Kwa mwananchi, toleo la majaribio lisiwekwe katika kompyuta pekee anayoitegemea kwa kazi au masomo. Nakala rudufu za mafaili ziwe nje ya kompyuta hiyo, na onyo la kufuta programu inayojulikana lithibitishwe kwanza kwa mtengenezaji wake. Kuzima masasisho kwa hofu si suluhisho, kwa kuwa kompyuta isiyosasishwa ni rahisi kushambuliwa.

Kinachotakiwa ni uwazi. Anayekubali kujaribu ajue kuwa anajaribu, na asiyekubali asibebeshwe gharama ya jaribio la mwingine.