NYASI NAZO ZIANDIKWE DAFTARINI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nimeshika kalamu leo, ndugu msomaji, kuwaambia wanachama wenzangu na walimu wetu kwamba maneno hayo yanahusu hata nyasi.

Najua mtacheka. Kwetu sisi tunaokaa Hurlingham, nyasi ni takataka. Zinafyekwa, zinarundikwa kando ya Barabara ya Argwings Kodhek, basi. Lakini mwaka wa 2022, ukame ulipokaza, wafugaji walileta ng'ombe wao hadi Nairobi kutafuta takataka hizo hizo. Katika ukame ule, mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa nchini. Hapo ndipo ami yangu alipopata wazo: eka moja ya nyanya kule Gilgil iachane na mahindi, ipandwe nyasi za Boma Rhodes, tuuze marobota. "Nyasi hazina kazi," alisema. "Ni kupanda na kungoja pesa."

Ati hazina kazi! Mimi ndimi niliyepewa daftari. Kulima na kusawazisha shamba, shilingi 6,000. Mbegu kilo 5, shilingi 4,000. Mfuko mmoja wa mbolea, 2,500. Vibarua wa kupalilia, 3,000. Kukata, 2,500. Kufunga marobota 120, 7,200. Kuyabeba hadi ghalani, 2,400. Jumla ni shilingi 27,600. Siku ambazo nyanya alishinda juani akifukuza mbuzi wa majirani hazimo, maanake hakuna aliyemlipa.

Ami alipiga hesabu ya kichwani: marobota 120 kwa shilingi 250 ni 30,000. Kumbe mwenye mashine ya kufunga hakuwa na haja na eka moja. Alisema haimlipi hata dizeli, tungoje amalize mashamba makubwa. Nyasi zililala chini wiki nzima, na mvua ya Agosti ikazikuta hapo hapo. Marobota 20 yaliota ukungu. Tuliuza 100, tukapata 25,000. Hasara ni shilingi 2,600. Karo yangu ya muhula wa tatu ilitoka kwa mtamba wa nyanya, aliyeuzwa kabla hajazaa hata mara moja.

Sasa baba anataka eka ile iuzwe. Mimi napinga, tena kwa kutumia daftari lile lile.

Kwanza, Boma Rhodes ikishika hudumu miaka kadhaa. Ile 10,000 ya kulima na mbegu hatutaitoa tena mwaka ujao. Pili, mkulima mdogo hana lazima ya kungoja mashine. Kuna kisanduku cha mbao, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, kisicho na kifuniko wala kitako. Unapitisha kamba, unajaza nyasi kavu, unakanyaga, unafunga. Robota moja hufika kilo 20 hivi. Ni kazi ya jasho, sikatai, lakini nyasi hufungwa siku zinapokauka. Anayetaka mashine basi aungane na majirani wakate pamoja, ili trekta ije mara moja kwa eka kumi. Tatu, ng'ombe wa nyumbani wale kwanza. Kitakachobaki kiwekwe juu ya mbao, mahali pasipovuja, kiuzwe kiangazi bei ikipanda.

Kuna watakaosema kwamba eka moja haiwezi kumtajirisha mtu. Ni kweli, na sikusema itatutajirisha. Ninachosema ni kwamba kosa halikuwa la nyasi wala la ardhi. Kosa lilikuwa letu, tuliohesabu faida kabla ya gharama, tukaliona jasho la nyanya kuwa ni bure.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami tukutane chamani tujadiliane, lakini aje na daftari.