Shimo Lisilojaa: Wito kwa Wakazi wa Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini

Katika mitaa ya Bagamoyo, na katika makazi mapya yaliyojipanga kando ya barabara inayotoka Bunju kupitia Mapinga, Kerege na Zinga, sifa kubwa anayopewa fundi wa vyoo ni kwamba shimo lake halijajaa tangu lilipochimbwa. Sifa hiyo inastahili kugeuzwa kuwa swali, kwa sababu maji na kinyesi cha familia nzima, vinavyoingia ardhini kila siku kwa miaka kumi, haviwezi kukosa mahali pa kwenda; na katika ardhi ya mchanga na mwamba wa matumbawe, ambako maji ya chini hayako mbali na uso wa ardhi, mahali penyewe huweza kuwa kisima cha jirani.

Tangi la majitaka, ambalo wengi hulijua kwa jina la septiki au karo, ni chombo chenye sakafu na kuta zisizovuja, kilichowekwa kati ya choo na shimo la kufyonzea, yaani shimo lenye kuta za matundu linaloyaachia maji yanywee ardhini taratibu. Kazi ya tangi ni kutenganisha uchafu: mazito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea na kuwa utando, na maji ya katikati, yakishatulia kwa muda usiopungua siku moja, hutoka kwa bomba lenye umbo la herufi T, ambalo mdomo wake hushuka chini ya utando ili utando huo usifuate maji. Bakteria wasiohitaji hewa hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Mfaransa Jean-Louis Mouras, aliyepewa hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1881, alikinadi kuwa kinajisafisha chenyewe, na zaidi ya karne moja baadaye dai hilo bado linauzwa madukani kwa sura ya unga na vidonge vya kumiminwa chooni, ingawa hakuna dawa inayokula mchanga, nywele na vitambaa.

Nyumba nyingi za pwani zina kile kinachoitwa septiki lakini hakina sakafu. Ni shimo la matofali yaliyopangwa kwa kuachiana nafasi, ambalo hupokea kila kitu na kukiachia ardhi. Zamani mpango wa namna hiyo ulikuwa na nafuu yake: nyumba za mawe za Waswahili wa kale, ambazo magofu yake yapo Gede na Songo Mnara, zilikuwa na vyoo vya ndani vyenye mashimo, lakini maji yaliyoingia humo yalikuwa ya kopo. Bomba lilipofika ndani ya nyumba, likaleta choo cha kuvuta, bafu la mvua na mashine ya kufulia, maji yaliongezeka mara nyingi na shimo likabaki lilelile. Mchanga mkavu huweza kuyachuja maji hayo kwa kiasi, iwapo kuna kina cha kutosha kabla ya kufikia maji ya chini. Mwamba wa matumbawe, wenye nyufa na mapango madogo, huyapitisha upesi bila kuyachuja. Ndiyo maana kanuni inayotumika sana ni kwamba shimo la choo liwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya chini. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, umbali huo haupatikani bila kumhesabu jirani. Kuchemsha maji ya kisima huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti, chumvi ya kinyesi na mkojo inayowadhuru hasa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga.

Kwa mwenye tangi halisi, wakati wa kulinyonya hujulikana kwa hesabu na kwa kupima. Wahandisi hukadiria kuwa mtu mmoja huacha hadi lita 40 za tope kwa mwaka, hivyo nyumba ya watu wanane huzalisha lita 320. Na kwa kuwa tangi hutakiwa kunyonywa pale tope na utando vinapochukua thuluthi moja ya ujazo, tangi la lita 3,000 hufikia kikomo chake baada ya miaka mitatu hivi. Hesabu hiyo huthibitishwa kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe, unaoteremshwa hadi sakafuni, ukaachwa kidogo na kutolewa polepole, ambapo sehemu iliyochafuka sana huonyesha kimo cha tope. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba kimo cha maji nacho ni habari. Maji yakisimama sawa na mdomo wa bomba la kutokea, tangi liko sawa. Yakisimama juu yake, shimo la kufyonzea limeziba, na gari la majitaka litaleta ahueni ya siku chache tu. Yakisimama chini yake, tangi linavuja, na huyo ndiye mgonjwa asiyelalamika. Kusubiri harufu kwenye chemba, maji yanayogugumia bombani au ukoka uliostawi mahali pamoja tu ni kuchelewa, kwani dalili hizo hufika baada ya tope kuanza kuhamia shimo la kufyonzea, ambalo likishaziba ni nadra kufufuka.

Masika hufichua mengi, na hufunika mengi pia. Kati ya Machi na Mei maji ya chini hupanda, mashimo hujaa kutoka chini, na wapo wanaotumia mafuriko kutapisha vyoo, yaani kuufungulia uchafu uchukuliwe na maji ya mvua hadi barabarani, mtoni au baharini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, ukaenea katika mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar, ulionyesha kuwa kinyesi hakitambui mpaka wa kiwanja wala wa wilaya. Kwa Bagamoyo upo pia upande wa bahari: wanawake wa Mlingotini wanaolima mwani husimama ndani ya maji yaleyale yanayopokea kinachotapishwa, na samaki wa mnadani hutoka humo.

Kwa hiyo wito huu unaelekezwa kwa vitongoji na mitaa, kabla ya kaya mojamoja. Kila kitongoji kifungue daftari la vyoo, likionyesha nyumba, aina ya shimo, mwaka lilipojengwa, siku liliponyonywa mara ya mwisho na umbali wake kutoka kisima kilicho karibu, visima vya majirani vikiwemo. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu, ingawa afisa afya wa kata akiwepo daftari litakuwa na uzito. Nyumba kumi zinazofikia kikomo msimu mmoja ziliite gari kwa pamoja katika kiangazi cha Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na njia zikipitika, jambo linalopunguza gharama ya safari. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ambako gari haliingii, majirani wakubaliane mapema njia ya kupitishia mipira ya kunyonyea. Nyumba za kulala wageni na hoteli za ufukweni, zenye matangi makubwa kuliko yote, zitangulie kuandikishwa, wala zisisubiri kuombwa.

Daftari hilo halimruhusu mtu yeyote kuingia shimoni. Gesi ya haidrojeni salfaidi huua pua kabla ya kumuua mtu, kwa maana kwamba ikizidi haisikiki tena kwa harufu, na anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka juu yake. Kijana wa kutwa anayekubali kuteremka na ndoo kwa sababu gari ni ghali anabebeshwa deni la mtaa mzima.

Linabaki suala la mwisho wa safari ya gari. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam, DAWASA, iliyounganishwa na DAWASCO mwaka 2018, huhudumia pia Bagamoyo, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 huliweka suala la majitaka pamoja na la majisafi. Wananchi wana haki ya kuuliza, katika mkutano wa kitongoji na kwa diwani wao, tope la Bagamoyo linamwagwa wapi, nani hulipokea na kwa stakabadhi gani. Mteja naye adai stakabadhi hiyo kabla ya kumlipa dereva sehemu ya mwisho ya malipo, na nakala yake ibandikwe katika daftari la kitongoji, kwenye ukurasa wa nyumba husika.