Bahasha ya dawa isiyo na jina imemvunja mama yangu mkono

Ndugu Mhariri,

Nina kilio ambacho naamini si changu peke yangu. Kinahusu bahasha ndogo za dawa tunazopewa huku kwetu, zilizoandikwa "1x1" au "1x3" na basi.

Mama yangu anaishi Kinole, kwenye milima ya Uluguru. Baada ya kufiwa na kaka yangu aliacha shamba, akaacha kula, usiku halali. Majirani walisema ni mawazo, yatapita. Daktari mjini Morogoro akasema ni sonona, akamwandikia amitriptilini, kidonge kimoja usiku. Baada ya wiki kama tatu alianza kupata usingizi, akarudi kwenye migomba yake. Tukamshukuru Mungu.

Mwezi wa pili wa matibabu akashikwa na mafua. Duka la dawa lililo karibu lilimpa vidonge bila kumuuliza kama anatumia dawa nyingine. Naye hakusema, kwa sababu nyuma yake palikuwa na foleni, na kijijini dawa ya sonona huitwa dawa ya vichaa. Siku ya tatu mkojo ukagoma, akawa anazungumza na marehemu kaka kana kwamba wamekaa pamoja. Alfajiri akaanguka mlangoni, akavunjika mkono.

Mjomba ndiye aliyezikuta bahasha mbili chini ya mto. Moja 1x1, nyingine 1x3. Jina la dawa halikuwamo hata kwenye moja. Tulipofika hospitali tukaulizwa mgonjwa anatumia nini, tukabaki kutazamana.

Baadaye tulielezwa kilichotokea. Amitriptilini yenyewe huleta usingizi na kizunguzungu, hukausha kinywa, hufunga choo na huweza kuzuia mkojo. Dawa nyingi za mafua na mzio, hasa zenye klofeniramini au promethazini, hufanya hayo hayo. Zikikutana kwa mtu mwenye umri mkubwa, akili huvurugika na miguu hukosa nguvu. Hakuna aliyempa mama sumu. Alipewa dawa mbili halali na watu wawili ambao kila mmoja hakujua la mwenzake.

Hatari haiishii kwenye mafua. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ikichanganywa na tramadoli huweza kuleta kutetemeka, jasho, homa na hata degedege. Ikitumiwa pamoja na diklofenaki, aspirini au ibuprofeni, huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, na wakulima wangapi wa milimani hununua diklofenaki kila mgongo unapouma? Pombe pamoja na amitriptilini humlaza mtu kupita kiasi, jambo la kutisha kwa kijana wa bodaboda anayeteremka kona za Uluguru. Hata dawa mseto ya malaria inahitaji tahadhari, kwa kuwa yenyewe na amitriptilini zote huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Simaanishi mtu aache kutibu malaria. Namaanisha mhudumu ajue mapema.

Wengine, wakiogopa haya, huacha dawa ghafla. Hilo nalo ni kosa. Dawa ya sonona hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari. Na ifungiwe mbali na watoto, kwani vidonge vichache tu vya amitriptilini vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Ndugu Mhariri, Maduka ya Dawa Muhimu yalipoanzishwa Ruvuma mwaka 2003, nia ilikuwa wauzaji wapewe mafunzo ili mwananchi wa kijijini ahudumiwe na mtu anayejua anachokitoa. Naiheshimu nia hiyo, ndiyo maana naomba mambo matatu.

Kwanza, Baraza la Famasi lisimamie kila bahasha iwe na jina la dawa, nguvu yake na onyo kwa Kiswahili, iwe ya hospitali au ya duka. Kalamu inayoandika 1x3 inaweza kuandika na jina.

Pili, muuzaji aulize kabla ya kupokea hela: "Una dawa nyingine unayotumia?" Aulize kwa sauti ya chini, pembeni, ili mgonjwa wa sonona ajibu bila aibu.

Tatu, madaftari tunayotembea nayo hospitalini yatumike pia madukani. Daktari aandike dawa kwa herufi zinazosomeka, na muuzaji adai daftari kabla ya kutoa kidonge.

Nanyi wasomaji wenzangu mnaouguza mtu wa sonona, hifadhini majina ya dawa zake. Dawa ikimletea shida, mrudisheni kwa mhudumu wa afya na mtake taarifa ifike Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), maana madhara yasiyoripotiwa huhesabika kama hayakutokea.

Mkono wa mama umeunga, na dawa yake anaendelea nayo kwa sababu inamsaidia. Jina la dawa hiyo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari. Sasa tunasubiri mtu wa dukani aliombe.

Mkazi wa Kinole,
Morogoro Vijijini
(Jina limehifadhiwa)