Usinunue Hedifoni Zinazokusifu

Mwaka jana bumu lilipoingia nilifanya jambo ambalo mama yangu hajui mpaka leo, na naomba gazeti hili lisifike nyumbani. Kabla sijalipa deni la fotokopi, kabla sijanunua hata kilo moja ya mchele, nilipanda daladala mpaka Kariakoo nikanunua hedifoni za shilingi 85,000. Najua Kiswahili cha taarifa ya habari kinasema "vipokea sauti vya masikioni", lakini bado sijamwona mtu akiingia dukani na kuuliza hivyo.

Zilikuwa nyekundu, zinang'aa, zina nembo ya kampuni kubwa ya nje ambayo kwa hakika haikuwahi kuzigusa. Kaka muuzaji alinivisha mwenyewe, akafungulia singeli. "Dada, sikia besi hiyo!" Nikaisikia. Ilinigonga mpaka kwenye meno. Nikalipa bila hata kuomba punguzo, na anayenijua atashangaa hapo kuliko popote pengine.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, Kiswahili na Historia. Mchana nahudhuria vipindi, usiku natengeneza biti kwa kompyuta ya mkononi ya mitumba, na wenzangu wa kwaya na wa muziki wa kizazi kipya huniletea sauti zao niwamiksie kwa bei ya chipsi mayai. Hedifoni kwangu ni kifaa cha kazi, kama rula kwa fundi seremala. Tatizo ni kwamba nilinunua rula yenye sentimita ndefu kuliko za watu wengine.

Nililigundua hilo kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP tunayoijua wote. Katika darasa langu la kidato cha tatu kulikuwa na mwanafunzi asiyeona. Vitabu vya nukta nundu vya somo langu havikuwepo, na mwenzake aliyezoea kumsomea alikuwa amehama. Nikajiambia, mimi si prodyuza? Nikamrekodia maelezo yote ya fasihi simulizi, vipande kumi na viwili, nikakaa usiku mbili kuvisafisha. Kwenye hedifoni zangu nyekundu sauti yangu ilikuwa nzito na yenye ukungu, kwa hiyo nikapunguza besi na kupandisha trebo mpaka ikawa tamu kama ya mtangazaji. Nikaweka kwenye memori kadi, nikampa kwa mbwembwe.

Baada ya siku mbili alinifuata ofisini, akasimama kwa adabu, akasema: "Shikamoo Madam. Samahani Madam, mbona kama unaongea ndani ya kopo? Halafu herufi S inachoma masikio. Na kuna kitu kinavuma nyuma, kama mashine ya kusaga." Alikuwa amesikiliza vipande vyote kumi na viwili hivyo hivyo, kwenye kiredio chake kidogo, kwa sababu hakuwa na kingine cha kusomea, na mtihani ulikuwa wiki inayofuata.

Niseme wazi kilichotokea, maana ndiyo hoja yangu yote. Hedifoni nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa sifa ya besi zimeongezewa besi kiwandani. Hazikupi sauti iliyopo kwenye faili, zinakupa sauti iliyotiwa sukari. Kwa anayesikiliza tu, hakuna ubaya, kila mtu na chai yake. Lakini anayemiksi anafanya maamuzi kwa anachokisikia. Ukisikia besi imezidi, utaipunguza, kumbe iliyozidi ni ya hedifoni. Kazi ikitoka nje, kwenye redio au spika ya mtu mwingine, sukari ile haipo, na unachobaki nacho ni kopo. Na ile mashine ya kusaga? Ilikuwa feni ya chumbani. Sikuisikia kwa sababu wakati wa kurekodi sikuvaa chochote masikioni, na wakati wa kusafisha besi ya uongo ilikuwa imeifunika.

Kwa hiyo ukienda dukani kutafuta hedifoni za kazi, zinazokusisimua kwa sekunde kumi za kwanza zirudishe mezani. Unazozitafuta zitakuonyesha kwanza makosa yako. Ni kama yule rafiki anayekwambia shati lako limetoboka kabla hujapanda jukwaani.

Maandishi ya kwenye boksi hayatakusaidia sana. Utaona imeandikwa inafika hezi 40,000 na utadhani umepata almasi. Sikio la binadamu kijana na mzima husikia takribani hezi 20 hadi 20,000, na kadiri umri unavyokwenda zile za juu zinapotea. Cha maana ni usawa: je, sauti za katikati, ambako binadamu anaongea na kuimba, zinatoka bila kuzamishwa wala kunyanyuliwa? Hilo boksi halikwambii. Lijaribu kwa sikio, kwa wimbo unaoujua kuliko jina lako. Mimi nina nyimbo tatu ninazokwenda nazo kwenye simu: moja ya kwaya yenye sauti nne, moja ya taarabu yenye violini na kinanda, na singeli moja yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kwenye singeli natafuta kitu kimoja tu, kama naweza kulitenga pigo moja la ngoma na jingine. Zikigeuka uji, naondoka.

Pili, nunua za waya. Najua waya umekuwa ushamba, na simu nyingi mpya hazina hata tundu la jeki, lakini Bluetooth inachelewesha sauti. Kwa kusikiliza wimbo huoni tofauti. Kwa kurekodi ni mateso: unaimba sasa, unajisikia baadaye kidogo, ulimi unajikwaa. Adapta ya kurudisha jeki kwenye simu haigharimu sana, na waya hauishiwi chaji katikati ya ubeti.

Kuna jambo la ukinzani, ambalo wenzetu wa Fizikia wanalijua kwa kipimo cha omu. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo kifaa chako kinavyohitaji nguvu zaidi kuzisukuma hedifoni. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, hutengenezwa kwa namba tofauti, zikiwemo omu 32, 80 na 250. Za 250 ukizichomeka kwenye simu utasikia muziki unatoka chumba cha jirani, na utazilaumu bure. Ukiwa huna amplifaya, baki kwenye namba ndogo, chini ya 80 hivi.

Halafu kuna zilizofungwa mgongo na zilizo wazi. Zilizo wazi huipa sauti hewa, haichoshi, na wengi huzipenda kwa kumiksi. Lakini zinavuja. Ukirekodi nazo, maikrofoni itazidaka kliki na biti kutoka masikioni mwako. Na ukiishi hosteli chumba cha watu sita, wote sita watamiksi na wewe, huku wewe ukimiksi na pasi, redio na simu za shemeji zao. Mimi nasema za kufungwa. Za wazi ngoja upate chumba chako.

Zipi hasa? Nitataja chache, na sijalipwa na mtu. Audio-Technica ATH-M20x ni za kufungwa, zina omu 47 na waya wa mita 3 usiochomoka, na Marekani huuzwa kwa dola 50 na kitu. Hizo ndizo ninazotumia sasa. Hazina urembo wowote, dada yangu mdogo aliuliza kama ni za shule ya udereva. Juu yake kidogo ziko Sony MDR-7506, zilizoko sokoni tangu 1991 na bado zimejaa studio na vyumba vya redio duniani, umri unaozidi wa kwangu kwa miaka mingi. Zina ukali kwenye S, na kwa kazi yangu ya kurekodi sauti za watu huo ndio uzuri wake: S ikichoma humo, unaishughulikia mapema. AKG K240 Studio ni za nusu wazi, kwa hiyo maelezo ya hosteli yanazihusu. Na zipo Superlux HD 681, rahisi kuliko zote nilizotaja, nusu wazi pia. Trebo yake inahitaji kupunguzwa kidogo kwenye ikwalaiza, lakini kwa fedha ile, nani alalamike?

Hapa Dar nilitajiwa M20x kwa shilingi 190,000 duka la kwanza na 150,000 la tatu. Tuseme ukweli, kwa mwanachuo anayeishi kwa posho ya shilingi 10,000 kwa siku, 150,000 ni chakula cha siku kumi na tano. Sitamwambia mtu afunge siku kumi na tano kwa ajili ya besi. Mimi nilijinyima kuanzia Januari hadi Mei na kuuza zile nyekundu kwa 30,000 kwa jamaa wa mazoezi ya viungo, ambaye anazifurahia sana, na anastahili. Ninachosema ni kwamba zile 85,000 zilikuwa zaidi ya nusu ya safari. Feki ndizo zilizonigharimu zaidi.

Kuna wanaonipinga. Rafiki yangu mmoja, ambaye biti zake zinapigwa kwenye kila bonanza hapa chuoni, anatumia vile viearfoni vilivyokuja na simu yake miaka minne iliyopita, na kazi zake ni safi kuliko zangu. Ananiambia, "Sikio ndilo linalomiksi." Sibishi. Lakini nilipomchunguza niligundua anavijua viearfoni vile kama mke anavyomjua mumewe: anajua vinadanganya wapi na kwa kiasi gani, na kila kazi anaipitisha kwenye spika ya simu, kwenye spika ya bwalo na kwenye bajaji ya kaka yake kabla haijatoka. Ndiyo kusema hata ukipata hedifoni nzuri kesho, hujamaliza. Sikiliza nazo nyimbo za watu wengine wiki nzima kabla hujagusa za kwako. Jaribu kazi yako kwa mono, maana bajaji na redio ndogo hazijui kushoto na kulia.

Na punguza sauti. Hili nalisisitiza kama mwalimu. Tangu 1933 Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sikio huzisikia besi na trebo tofauti kadiri sauti inavyopanda au kushuka, kwa hiyo ukimiksi kwa kelele kila kitu kitaonekana kimenona. Zaidi ya hapo, sikio halina spea. Kipimo kinachotumika sana kwa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Fanya hesabu mwenyewe kwa yule anayelala na singeli masikioni.

Sasa nigeukie serikali yetu ya wanafunzi, maana si haki kila mmoja wetu ajinyime peke yake. Kila wiki ya wanafunzi wapya tunakodi spika kubwa kama makabati, na mimi huwa wa kwanza kucheza, sikatai. Naomba jambo dogo: hedifoni kumi za kazi, zinazoazimwa kwa kitambulisho kama vitabu vya akiba maktabani. Kwa bei niliyotajiwa mimi ni shilingi 1,500,000. Zingetumiwa na wanaomiksi, ndiyo, lakini pia na wa Isimu wanaonukuu mahojiano, wa Uandishi wa Habari, na wenzangu wa ualimu ambao muhula ujao watakwenda TP na kukuta mwanafunzi asiyeona hana wa kumsomea. Nimeshapeleka barua. Niliambiwa inafanyiwa kazi.

Zile rekodi nilizirudia zote kumi na mbili. Safari hii nilivaa M20x tangu mwanzo, nikazima feni, nikaloa jasho, nikasoma taratibu, na kila nilipofika kwenye "semi" na "sitiari" nikageuza mdomo pembeni kidogo ya maikrofoni. Mtihani ulikuwa umeshapita, lakini kidato cha nne kilikuwa mbele yake. Memori kadi nilimpa mwalimu mmoja wa shule ile ampelekee.

Kijana akaazima simu ya huyo mwalimu akanitumia ujumbe wa sauti. Alishukuru, akasalimia nyumbani, akauliza swali la maana kuhusu tofauti ya soga na kichekesho. Halafu akacheka: "Madam, yule jogoo wa kipande cha saba ni wa kwenu?"

Ni wa jirani. Nilimsikia wakati narekodi, nikamwacha.